Wazanzibari wa Durban: Mazungumzo ya Chakula, Muziki na Jina Katika Mtaa wa Sydenham



Hapa Ghuba jina "Zanzibari" tunalijua kwa maana moja. Ukiitwa Zinjibari Maskati au Dubai, inafahamika kuwa wazee wako walirudi kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, nyumbani kwenu kinasemwa Kiswahili, na sikukuu kwenu haipiti bila mkate wa kumimina. Wachache kati yetu wanajua kwamba upande wa pili wa bahari hii hii, Durban, Afrika ya Kusini, wapo watu wanaoitwa jina hilo hilo kwa kisa kingine kabisa. Wazee wao wa kwanza hawakuwa watu wa Unguja, na wengi wao hawajapata kuiona.

Makala hii ni ya kuwekwa kwa kumbukumbu. Nimeiandika kwa familia zinazopenda kusikiliza podikasti za wapishi, waimbaji na watu wa utamaduni, na kwa vijana wetu wanaotaka kurekodi mazungumzo yao wenyewe. Nilikaa Sydenham nikifanya kazi hiyo, na ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo msikilizaji au mrekodi anahitaji kuyajua kabla hajabonyeza kitufe.

Mtaa wenyewe

Sydenham uko nyuma ya kilima cha Berea, kaskazini-magharibi ya katikati ya mji, na unapakana na Overport, Asherville na Clare Estate. Jina lake ni la mtaa mmoja wa London. Zamani haukuwa sehemu ya mji wa Durban. Uliunganishwa nao mwaka 1932 pamoja na vitongoji vingine. Njia yake inayojulikana zaidi ni Sparks Road, yenye maduka ya nyama halali, wauza roti, misikiti, na teksi zile ndogo za abiria ambazo muziki wake unausikia kabla hujaliona gari.

Sheria ya mwaka 1950 iliyowagawia watu mitaa kwa rangi zao iliiumiza Durban nzima. Watu walihamishwa kwa nguvu, kila kundi likatupwa upande wake. Sydenham ulibaki mtaa wa Wahindi na wa wale ambao serikali iliwaita "Coloured", yaani machotara. Ndiyo maana ukiingia nyumba mbili zilizopakana huko utakuta vyungu viwili vyenye tabia tofauti na bizari moja.

Mtalii hapelekwi Sydenham, hupelekwa ufukweni. Kwa mtu wa kurekodi, huo ni upungufu wenye faida, kwa kuwa mpishi wa huko hajazoea kuhojiwa na wala hajatunga majibu ya kuwapa wageni.

Jikoni

Anza na sambusa. Wao wanaiandika "samoosa", manda yake nyembamba kama ya kwetu, na ukimuuliza mama wa Sydenham aliyefunzwa kuikunja atakutajia bibi yake, kisha mji wa Gujarat. Wahindi wa kwanza waliletwa Durban kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Meli yao, Truro, ilifika tarehe 16 Novemba 1860, na mpaka 1911 walikuwa wameletwa zaidi ya 152,000 kwa mikataba ya kazi. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara kwa nauli zao wenyewe, wengi wao Waislamu kutoka Surat, Porbandar na kwingineko Gujarat. Hizo ndizo pande walikotoka wenye maduka wa Unguja, Mombasa na Matrah. Kwa hivyo usishangae ukikuta achari, bajia na chapati Sydenham. Ajabu ingekuwa kutozikuta.

Tofauti ndizo zinazofaa kuulizwa. Biriani ya kwetu Unguja wali na sosi hupikwa mbalimbali na kukutana kwenye sahani. Ya Durban hupikwa kwa tabaka ndani ya sufuria moja, na humo mna adesi nzima na viazi, kisha huletwa na dengu za mchuzi pembeni pamoja na maziwa ya mgando. Mchuzi wao wa samaki una ukwaju kama wa kwetu, lakini nazi haimo, na mafuta yanaelea juu mekundu kwa pilipili. Niliwauliza wapishi wawili kuhusu nazi. Mmoja alicheka akasema nazi ni ya peremende na ya chatne. Jibu kama hilo linakuonyesha mpaka wa ladha kuliko kitabu cha historia.

Halafu kuna chakula kinachoitwa "bunny chow". Ni mkate wa boflo uliokatwa robo, nusu au mzima, ukachimbwa kiini, ukajazwa mchuzi wa nyama au maharage, na kiini kikawekwa juu kama kifuniko. Huliwa kwa mkono, na pembeni huwa na kachumbari ya karoti na kitunguu. Kilizaliwa Durban, maeneo ya Grey Street, na watu wanabishana mpaka leo kuhusu chanzo chake. Wako wanaosema jina limetokana na "bania", mfanyabiashara wa Kihindi. Wengine husema kilibuniwa kwa sababu Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mkahawani, hivyo akapewa chakula ambacho chombo chake kinalika. Mimi sioni haja ya kuamua. Kwenye podikasti mwache mpishi atoe kisa chake, kwa sababu kisa anachokichagua kinamweleza yeye. Kuonja, zipo sehemu za Sparks Road zinazojulikana mji mzima, kama Sunrise Chip 'n Ranch, na ukipenda roti ya kukunja, Johnny's.

Mtu yeyote anayetaka kufanya mazungumzo ya chakula Durban lazima ajue habari ya kitabu Indian Delights. Kilitolewa mwaka 1961 na Women's Cultural Group, chama cha akina mama kilichoanzishwa Durban mwaka 1954, na mhariri wake alikuwa Zuleikha Mayat. Akina mama hao walikusanya mapishi kutoka kwa wanawake waliokuwa wakipika kwa kukadiria, wakayaweka kwa vipimo, wakachapisha wenyewe, na fedha zilizopatikana zikawasomesha vijana. Kitabu kimechapishwa tena na tena, na hupewa bibi harusi kama sehemu ya vyombo vyake. Bi Zuleikha, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa pia mwandishi wa gazeti, na barua zake na Ahmed Kathrada, aliyekuwa kifungoni, zimetolewa kitabu mwaka 2009. Nakitaja kitabu hiki kwa kirefu kwa sababu kina jambo linalotuhusu: akina mama wale hawakungoja mtaalamu kutoka nje aje awaandike.

Muziki na redio

Hapa nitakuwa mfupi, maana muziki husikilizwa. Durban ilikuwa na okestra za Kihindi zilizopiga nyimbo za filamu kwenye harusi, kama vile taarabu ya Unguja ilivyochota mahadhi ya filamu hizo hizo. Ukimkuta mzee aliyepiga fidla au hamoniamu katika okestra hizo, mchezee taarabu ya zamani kwenye simu kisha unyamaze. Mimi nilifanya hivyo, na dakika kumi zilizofuata zilikuwa bora kuliko maswali yangu yote. Vijana wa mitaa ya Waafrika wana gqom, muziki wa ngoma nzito uliozaliwa Durban na kupanda chati kupitia hizo teksi za abiria. Waislamu wana nasheed na kawali, na wana redio yao ya Al-Ansaar. Wahindi kwa jumla wana Lotus FM, iliyoanza mwaka 1983.

Kwa kurekodi, Durban ina historia ambayo wengi hawaijui. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika nzima na mashine yake akirekodi ngoma, pamoja na za Tanganyika mwaka 1950, alikuwa kwanza msimamizi wa studio ya redio ya Durban, kutoka 1936 hadi 1947. Katika studio hiyo, mwaka 1941, K. E. Masinga alianza kutangaza kwa Kizulu, lugha ambayo redio ya taifa haikuwa ikiitumia. Kabla yao alikuwapo hakimu James Stuart, aliyewahoji wazee karibu 200 kati ya 1897 na 1922 na kuandika maneno yao kwa mkono. Karatasi zake ziko katika maktaba ya Killie Campbell, juu ya kilima cha Berea, mwendo mfupi kwa gari kutoka Sydenham. Kwetu sisi mfano ulio karibu ni Shaaban Robert, aliyemwendea Siti binti Saad mwisho wa maisha yake na kuandika wasifu wake. Sauti ya Siti tunayo kwa sababu alisafiri Bombay mwaka 1928 kurekodiwa santuri. Maisha yake tunayajua kwa sababu mtu alikaa naye akamsikiliza.

Wazanzibari wa Durban

Sasa tufike kwenye jina. Sydenham si mtaa wao, lakini nililisikia huko, katikati ya mazungumzo ya sambusa, mama mmoja alipotaja harusi ya "Mzanzibari" kule Chatsworth. Nikamuuliza ni mtu wa Unguja? Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. Hapana, akasema, Mzanzibari wa hapa.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini. Manuari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yenye watumwa, na swali likawa wapelekwe wapi wale waliokombolewa. Koloni la Natal lilikuwa na njaa ya wafanyakazi, kwa sababu kuletwa kwa Wahindi kulikuwa kumesimama tangu 1866. Balozi wa Kiingereza Unguja, John Kirk, na wakubwa wa Natal wakapatana. Agosti 1873 manuari HMS Briton ikateremsha kundi la kwanza Durban. Mpaka 1880 walikuwa wameletwa zaidi ya 500.

Walikuwa wameachwa huru kwa jina, lakini walifungwa kwa mkataba wa kazi wa miaka mitano, chini ya ofisa yule yule aliyewasimamia vibarua wa Kihindi. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji, jamaa wa Wamakua tunaowajua sisi wa Masasi na Mtwara, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kimakua. Waliitwa Wazanzibari kwa sababu ndiko walikopitia. Baadhi walikuwa Wakatoliki wa misheni ya Bluff. Waislamu wao waliishi King's Rest, huko huko Bluff, upande wa kusini wa bandari, kwenye ardhi iliyonunuliwa kwa ajili yao na amana ya msikiti wa Juma wa Grey Street. Walijenga msikiti, wakafundisha watoto Kurani, wakawa na dhikri na maulidi.

Ubaguzi wa rangi ulipofika, jina hilo la kubandikwa likageuka ngao. Kwa sheria za serikali, Mwafrika alihamishiwa mitaa ya Waafrika. Wao wakashikilia kuwa ni Wazanzibari, Waislamu, watu wa upande wa Waarabu. Baada ya kuandikwa kwanza kama Waafrika, kisha kama machotara, mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliwekwa katika fungu la "Waasia wengineo". King's Rest waliondolewa hata hivyo, lakini walipelekwa Chatsworth, mji wa Wahindi, katika sehemu ya Bayview. Mtafiti wa kwanza kuandika tasnifu kamili juu yao, Zubeda Seedat, mwaka 1973, aliwakuta huko: Waafrika wa Kimakua, Waislamu, katika mtaa wa Kihindi, kwenye daftari la Waasia.

Tangu ubaguzi uondoke, wako wanaosema sasa turudie jina letu, Amakhuwa, na wamefufua mafungamano na Msumbiji, hasa kupitia twarika. Wako wanaosema Zanzibari ndilo jina lililotuokoa, hatuliachi. Ndani ya ukoo mmoja unaweza kuyasikia maneno hayo yote mawili.

Sisi wa Ghuba tunapowasikiliza, tusijifanye wageni kabisa. Baadhi ya majahazi yaliyokamatwa yalikuwa ya watu wa bahari zetu, na karafuu za Unguja na Pemba zilizokuwa zikingoja mikono ya watumwa zilikuwa za wazee wa baadhi ya familia zinazosoma tovuti hii. Nimewasikia watu wetu wakifurahi kugundua kuwa kuna "Wazanzibari wenzetu" Durban, wakitaka kwenda kupiga picha na kubadilishana mapishi. Safari hiyo ni njema. Lakini mwenye kuifanya ajue kuwa mwenyeji wake huenda analijua jahazi lile kwa upande wa ndani, chini ya sitaha.

Namna ya kurekodi

Chombo hakina shida. Simu ya kawaida inatosha ikiwa karibu na mdomo wa msemaji, kiasi cha shibiri moja au mbili, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtikisiko wa meza. Zima feni na uombe ruhusa ya kuzima friji, kisha weka funguo zako za gari ndani ya friji hiyo ili usiondoke bila kuiwasha tena. Sauti ya mwiko na ya kitunguu kikiingia mafutani iache. Ndiyo podikasti yenyewe. Adhana ikianza, nyamazeni, lakini usikate.

Rekodi faili kubwa lisilobanwa, aina ya WAV, ndilo la kuhifadhi. La MP3 ndilo la kupeleka watu. Usitegemee ujumbe wa sauti wa WhatsApp kama hifadhi, kwani huibana sauti na faili hupotea simu ikibadilishwa. Jina la faili liwe na tarehe, mahali na lugha. Weka nakala mbili, nyumba mbili mbalimbali.

Idhini ichukuliwe mara mbili. Kwanza kabla ya kuanza, kwa sauti, ikiwa imerekodiwa. Pili baada ya kumaliza, kwa sababu mtu hajui atasema nini mpaka aseme. Mzee akikwambia sehemu fulani isitoke, haitoki.

Maswali yaanze mikononi. Nani alikufundisha kukunda unga huu? Mlikuwa mnanunua bizari wapi mlipokuwa nyumba ya zamani? Ukisema "nyumba ya zamani" Durban, kuhamishwa kutakuja kwenyewe, bila ya wewe kulitaja neno hilo. Na kwa Wazanzibari wa Chatsworth, swali la utumwa usilianzishe wewe. Uliza bibi yako alisema lugha gani alipokasirika. Utapata Kimakua, na kisa kitafuata nyuma yake kama kikitaka.

Lugha ya mazungumzo iwe ya mwenyeji. Sydenham ni Kiingereza cha Durban chenye maneno ya Kizulu, Kigujarati na Kitamil ndani yake. Kiswahili utakisikia mjini kwa Wakongo na Warundi waliokimbilia huko, na mwaka 2018 serikali ya Afrika ya Kusini ilitangaza kukiruhusu kuwa somo la hiari katika skuli zake, jambo ambalo wenyeji wangu walinitajia kwa furaha walipojua natoka kwa Waswahili.

Nakala ya kwanza ya rekodi ni ya nyumba iliyokupokea, kabla ya rafiki, kabla ya tovuti. Mazungumzo yangu ya mwisho yalikuwa Chatsworth, na mzee aliyenikaribisha aliimba dhikri ya wazee wake kwa dakika nne, kisha akaomba isitangazwe. Faili hilo halimo katika kipindi chochote. Liko kwa wajukuu zake, limeandikwa tarehe na lugha.